Kundi la wafugaji limekua, mazungumzo yamezorota

Dada, umesema kundi lenu la WhatsApp la wafugaji wa kuku lilianza na watu 50, sasa mko zaidi ya 600 na wazoefu wamenyamaza. Anza na hao wazoefu. Wafuate inboksi mmoja mmoja, uwaulize kinachowachosha. Wakiondoka, wageni watabaki kuulizana wasiyoyajua.

Halafu shughulikia maswali yenyewe. "Kuku wanakufa, nifanyeje?" halijibiki. Andika kwenye maelezo ya kundi kwamba anayeuliza ataje umri wa kuku, chanjo walizopata, rangi ya kinyesi na wangapi wamekufa. Akieleza hivyo, hata daktari wa mifugo aliyejinyamazia atajibu, maana sasa ana pa kuanzia kutofautisha mdondo na kuhara damu.

Matangazo yawe Jumamosi tu. Jumbe za kusambazwa zifute bila kugombana na mtu. Tangu 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa yeyote kundini. Ila tafadhali usifunge kundi wakabaki kuandika maadmini peke yao. Wengi hukimbilia hilo, nami nalipinga kabisa: mgeni mwenye swali la maana atanyamaza naye. Afadhali uongeze maadmini wawili, uwachague kati ya wanaojibu vizuri, siyo wanaoongea sana.