Mzazi wa darasa la tisa Marekani: pepa ya mwisho haitamwokoa kijana wako

Usimwambie kijana wako kwamba pepa ya mwisho itamwokoa. Kama umeshamwambia, mfuate kabla hajalala umwambie baba kateleza.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mkuu hapo juu ana mtoto katoka Bongo juzi, anaanza darasa la tisa Marekani, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya huko. Kauliza kuhusu somo la Kiingereza: anunue vitabu gani mapema, sarufi ikoje, lafudhi itamponza kiasi gani, na kama aombe dogo awekwe darasa la ngazi ya juu. Halafu akamalizia kwamba vijikazi vya kila siku havimpi presha, dogo ni kichwa, pepa ya mwisho atawanyamazisha wote. Hapo ndipo nilipoacha kula. Maneno yale yale niliambiwa mimi na shemeji yangu, na nikayafuata.

Ngoja niwaeleze huyu shemeji. Kaishi Marekani miaka mingi, ana gari, ana nyumba, ana maoni juu ya kila kitu. Hana kimoja tu: hajawahi kukalia dawati la sekondari ya Marekani hata dakika tano. Alikwenda mtu mzima na ndevu zake, akapokelewa na kazi. Lakini nilipofika huko kuanza sekondari ndiye aliyenikalisha sebuleni akanipa semina. "Hawa watoto wa huku wanapewa vikazi vya kubandika karatasi. Wewe umetoka kwenye mfumo wa NECTA, baraza la mitihani la Tanzania. Piga msuli wako kimya kimya, mwisho wa muhula wapasue." Nikamwamini. Alikuwa na gari.

Sisi tuliolelewa na NECTA tumezoea kwamba mwaka mzima ni mazoezi na mechi ni siku ya pepa. Ukizembea Februari unasoma zimamoto Oktoba, na ukipasua hakuna atakayekuuliza daftari lako lilikuwa na kurasa ngapi tupu. Huko Marekani siku hiyo haipo. Alama ya muhula inajengwa kuanzia wiki ya kwanza, na kila kijikaratasi kinaingia kwenye hesabu. Mwalimu wa Kiingereza anagawa silabasi siku za mwanzo, na ndani yake ameandika kila aina ya kazi inabeba asilimia ngapi. Wanafunzi wengi wanaitumbukiza kwenye begi hawaioni tena. Yangu niliikuta baadaye sana, imekunjwa mara nne: insha na kazi kubwa 40, majaribio mafupi 20, kazi za darasani na za nyumbani 30, mtihani wa mwisho 10.

Kumi! Nimekesha na kikombe cha chai kwa ajili ya kumi.

Kila mwalimu ana mgawanyo wake, kwa hiyo wa dogo utatofautiana na huu. Lakini usitegemee kukuta mtihani wa mwisho umebeba nusu ya kila kitu kama tulivyozoea.

Sasa tufanye hesabu, maana watu wa humu hamwamini mpaka muone namba. Chukua mwanafunzi kichwa anayedharau vijikazi. Insha ana wastani wa 60, nitaeleza kwa nini. Majaribio ana 90. Kazi za kila siku ana 40, kwa sababu nyingi hakuzipeleka. Mtihani wa mwisho anapiga mia, mia kavu, darasa zima linageuka kumtazama. Insha zinampa 24, majaribio 18, kazi za kila siku 12, mtihani 10. Jumla 64. Shule nyingi A inaanzia 90, B 80, C 70, D 60. Yaani mwenye mia ya mtihani anakwenda nyumbani na D. Mimi mia sikupata, kwa hiyo msiniulize yangu ilikuwa ngapi. Ilikuwa D yenye heshima zake, tuishie hapo.

Kinachoua ni sifuri, siyo kazi mbovu. Hili naomba mlisome polepole. Mwanafunzi ana kazi tano. Nne kapata 90, ya tano hakupeleka. Wastani wake 72. Angeipeleka hiyo ya tano ikiwa hovyo, nusu ukurasa, mwandiko wa kuku, mwalimu akampa 50 kwa kumhurumia, wastani ungekuwa 82. Karatasi ya aibu imemtoa C ikampandisha B. Mimi nilikuwa nafanya kinyume kabisa. Kazi ikinishinda, au nikiona Kiingereza changu hakijakaa sawa, sipeleki. Naona heri kukosa kuliko kujidhalilisha. Nyumbani tulifundishwa kwamba kazi chafu ni dharau kwa mwalimu. Huko, mashine ya alama haijui heshima yako. Inajua kuna kitu au hakuna.

Zipo shule zilizoamua kwamba alama ya chini kabisa ni 50 badala ya sifuri. Kama ya dogo ni mojawapo, mshukuru Mungu ukae kimya, usimwambie.

Tuje kwenye insha, maana hapa ndipo wengi wetu tunapojiona tuko salama. Insha tumeandika tangu shule ya msingi. Kule kwetu unapewa kichwa cha habari, unaandika, unakusanya, inarudi na wino mwekundu. Darasa la tisa Marekani insha moja inakatwa vipande: kwanza sentensi moja yenye hoja yako kuu, kisha mpangilio wa aya, kisha rasimu, kisha unabadilishana na mwenzako mnasomeana na kuandikiana maoni, ndipo lije toleo la mwisho. Kila kipande kina tarehe yake na alama zake. Mimi niliviona vile vya mwanzo ni vya kuwabembeleza wasiojua kuandika. Nikakaa, nikaruka hatua zote, siku ya mwisho nikashusha insha moja tamu, imejaa maneno ya mapambo tuliyokaririshwa, mawio na machweo na ndege wakiimba. Toleo la mwisho lilipata alama zake, siyo mbaya. Nyuma yake kulikuwa na sifuri ya hoja, sifuri ya mpangilio, sifuri ya rasimu na sifuri ya kusomeana. Hiyo ndiyo 60 niliyowaambia.

Na hata hilo toleo la mwisho lisingepata A. Mwalimu anagawa jedwali la vigezo kabla hamjaanza kuandika, amesema wazi anatafuta nini. Alitaka hoja, kisha nukuu kutoka kwenye kitabu kama ushahidi, kisha maelezo ya namna nukuu hiyo inavyothibitisha hoja. Mimi nilimsimulia hadithi upya kuanzia mwanzo hadi mwisho, kana kwamba yeye hajaisoma. Aliandika pembeni kwa upole kwamba kitabu anacho.

Kingine kilichonigharimu ni vitabu vyenyewe. Ukipewa kitabu unatakiwa usome na kalamu mkononi: pigia mstari, andika pembeni swali lako, weka alama palipokushangaza, na mwalimu anakagua hayo maandishi anaweka alama. Kitabu kikiwa mali ya shule unatumia vijikaratasi vya kubandika. Mimi niliyekulia kwenye fimbo za kuchorachora vitabu, nilirudisha changu kisafi kama kimetoka kiwandani nikingoja kusifiwa. Sifuri. Ndiyo maana shemeji alisema ni vikazi vya kubandika karatasi. Aliviona kwa watoto wa jirani, akacheka, akaja kunifundisha mimi kucheka. Nina wasiwasi hata sasa, ukimkuta kwenye shughuli yoyote, anamkalisha mtoto wa mtu pembeni anampa ile ile semina.

Na kuna mjadala. Wanakaa duara, mwalimu anakaa kando anaandika nani kasema nini. Ukikaa kimya kwa adabu, anaandika kwamba hukushiriki. Dogo asingoje aulizwe. Sentensi moja yenye nukuu na namba ya ukurasa inatosha kumwingiza kwenye hesabu, hata kama sauti inatetemeka. (Uliuliza lafudhi. Hapo ndipo itakaposikika, na hakuna safu ya lafudhi kwenye jedwali la alama.)

Sasa kwa nini nina jazba hivi kwa muhula mmoja wa mtoto wa darasa la tisa? Kwa sababu haufutiki. Cheti cha matokeo kinachokwenda vyuoni kinaanza kuandikwa darasa la tisa, siyo la kumi na mbili. Mwanafunzi anaomba chuo mwanzoni mwa darasa la kumi na mbili, kwa hiyo wanachokiona ni miaka mitatu ya kwanza. GPA ni wastani wa hizo gredi: A ni 4, B 3, C 2, D 1, F 0. D moja inavuta chini kila kitu unachokuja kujenga juu yake. Na Kiingereza siyo somo la kuchagua, shule nyingi unalisoma miaka yote minne. Vyuo vikuu vya umma vya California, kwa mfano, vinataka miaka minne ya Kiingereza na C kwenda juu. D inaweza kukuvusha shuleni ukahesabiwa umemaliza somo, halafu chuo kikaitazama kama hukusoma kitu. Unarudi kulirudia kwenye masomo ya likizo ya kiangazi, wenzako wako mtoni wanaogelea. Nilimpigia shemeji kumweleza. Akaniambia mfumo wao umeharibika.

Kwa hiyo mkuu, sheria ya nyumba iwe moja: hakuna sifuri. Kitu kipelekwe. Kiwe kibovu, kiwe nusu, kiwe na makosa ya sarufi, kipelekwe. Kikichelewa kipelekwe vile vile, maana walimu wengi wanakata asilimia fulani kwa kila siku ya kuchelewa lakini bado kinachobaki kinazidi sifuri. Wengine wana siku ya mwisho kabisa ya kupokea viporo, imo kwenye silabasi ile ile ya kwenye begi. Kitu pekee cha kutopeleka ni cha kudesa. Ukibeba aya ya mtu mtandaoni bila kutaja chanzo, unarudishiwa sifuri pamoja na barua kwa mzazi, na hapo umepoteza pande zote mbili.

Na afundishwe kwenda kwa mwalimu. Kwetu ukiitwa ofisi ya walimu moyo unahamia kooni. Huko mwalimu anaandika kwenye silabasi kabisa saa anazopatikana na barua pepe yake, na anayekwenda kusema "sijaelewa hili swali" anaonekana yuko makini. Mimi nilikaa nasubiri mwalimu aniite anigombeze. Hakuniita. Aliendelea kutabasamu kila asubuhi huku akiingiza sifuri. Nilidhani tunaelewana.

Vitabu: usinunue chochote. Kila shule ina orodha yake, na nyingi zinaazimisha. Romeo and Juliet ya Shakespeare inasomwa darasa la tisa sehemu nyingi sana, kwa hiyo kama una hamu ya kumwandaa, mtafutie maonyesho yake aitazame kabla ya kupambana na lugha ya miaka zaidi ya 400 iliyopita. Hata watoto waliozaliwa huko wanaitolea macho, asiogope.

Darasa la ngazi ya juu: kama anapeleka kazi zote, aombe. Kama hapeleki, huko juu vijikazi ni vingi zaidi. Kuna jambo umelipita kimya ambalo ni muhimu kuliko hilo. Wakati wa kumwandikisha utajazishwa fomu ya lugha inayozungumzwa nyumbani, na kwa majibu yako anaweza kupimwa Kiingereza na kupangiwa masomo ya msaada wa lugha. Usiikatae kwa kuona aibu. Muulize mshauri wa masomo swali moja tu: je, darasa hilo linahesabika katika ile miaka minne ya Kiingereza? Akisema halihesabiki, uliza linalohesabika analianza lini, na majibu uyapate kwa maandishi.

Sarufi watakujibu wengine, mimi vidole vimechoka. Akishafunguliwa akaunti ya kuona alama mtandaoni, omba na ya mzazi, shule nyingi wanatoa. Ingia kila Ijumaa jioni. Usitazame wastani kwanza, shuka chini kwenye orodha ya kazi utafute zilizowekewa alama ya kutowasilishwa. Ukikuta hata moja, dogo amwandikie mwalimu jioni hiyo hiyo. Sentensi mbili zinatosha: ni kazi gani anadaiwa, na ataileta lini.