Usipime mvuke saa moja asubuhi: kutafuta uvujaji wa viyeyushi viwandani Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa saba Mufindi, saa moja asubuhi, bomba la heksani, kiyeyushi cha kukamulia mafuta, ukiligusa linauma kwa baridi na ukungu umeshuka mpaka usawa wa paa. Fundi anapita na kifaa cha kupimia mvuke, anasoma namba ndogo ndogo, anaandika "salama" kwenye daftari na kwenda kunywa chai. Saa nane mchana valvu ile ile, pakingi ile ile (nyuzi za kuzibia kwenye shina la valvu), inatoa mvuke maradufu. Hakuna kilichoharibika hapo katikati. Heksani yenye nyuzi joto 10 ina presha ya mvuke ya karibu milimita 76 za zebaki. Ikifika nyuzi 25 ni karibu 151. Tone lililokuwa limejikalia kwenye uzi wa bolti asubuhi, mchana linaruka hewani lote.

Kwa hiyo ukaguzi wa viungo ufanyike mchana, mtambo ukiwa na joto na presha ya kazi. Asubuhi nayo ina kazi yake, ila ni nyingine: hewa imetulia, na mvuke wa heksani ni mzito karibu mara tatu kuliko hewa, kwa hiyo unalala kwenye mitaro, mashimo ya pampu na chini ya ngazi. Huko ndiko kwa kupitisha kifaa kabla zamu haijaanza, kwa mpira mrefu wa kuvutia hewa, ukiwa umesimama nje. Usiingie shimoni eti kwa sababu kioo cha kifaa kinaonyesha sifuri.

Haya yanahusu yeyote anayeshika kiyeyushi ukanda huu: wanaotoa dawa kwenye maua makavu ya pareto, wanaokamua mafuta ya mbegu kwa heksani, wachanganya rangi, viwanda vya plaiwudi, na depo za mafuta kando ya barabara ya TANZAM. Jina la kitaalamu ni kemikali tete za kikaboni. Kiwandani watu wanasema "mvuke" tu, na inatosha.

Kifaa kinachotumika zaidi ni kile chenye taa ya urujuanimno, PID kama mafundi wanavyokiita. Pampu ndogo inavuta hewa, taa inang'oa elektroni kwenye molekuli za mvuke, na umeme kidogo unaopatikana unageuzwa kuwa namba. Taa ya kawaida ina nguvu ya elektronivolti 10.6, na kemikali inayohitaji zaidi ya hapo kifaa hakiioni kabisa. Heksani inahitaji 10.13, inaonekana. Methanoli inahitaji 10.85 na formaldehaidi 10.88, hizo zitapita mbele ya kifaa kama hazipo. Kwenye kiwanda cha plaiwudi kinachotumia gundi ya urea na formaldehaidi, PID ya 10.6 itasoma sifuri huku wafanyakazi wa mashine ya kubana wakifuta machozi. Pale unahitaji kifaa cha seli ya kemikali kilichotengenezwa kwa ajili ya formaldehaidi. Ukinunua kifaa, swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei, liwe: taa hii inaona kitu ninachotumia mimi?

Jambo la pili ni namba yenyewe. Kifaa husawazishwa kwa gesi ya isobutilini, kwa kawaida ya sehemu 100 kwa milioni (ppm), na kinaendelea kusoma kwa lugha ya isobutilini mpaka ukibadilishie. Heksani inakiamsha kwa udhaifu: kizidisho chake, yaani namba ya kuzidishia usomaji, kwa taa ya 10.6 kiko karibu na 4 (watengenezaji wanatofautiana kidogo, jedwali limo kwenye kitabu cha kifaa chako). Ukisoma 60, hewa ina kama 240 za heksani. Tolueni ni kinyume, kizidisho ni karibu 0.5, kwa hiyo 60 ya kioo ni 30 halisi. Andika kwenye daftari namba ya kioo na kizidisho ulichotumia. Daftari lenye namba bila kizidisho ni karatasi tu.

Halafu kuna mwinuko, ambao vitabu vingi havikumbuki kwa sababu viliandikwa na watu wa pwani. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo huku ni kama asilimia 82 ya ile ya Dar es Salaam. PID inahesabu molekuli zilizomo ndani ya kijichumba chake, na huku juu molekuli ni chache katika nafasi ile ile. Kifaa kilichosawazishwa Dar na kuletwa kwa basi kitasoma pungufu, karibu moja ya sita. Dawa yake ni rahisi: chupa ya gesi ya kusawazishia ikae kiwandani kwako, na kazi hiyo ifanyike hapo hapo kila siku ya ukaguzi. Sifuri kwa hewa safi ya upande unaotoka upepo, kisha gesi ya 100. Kisipofika kati ya 90 na 110, usianze kazi. Mwinuko huo huo unashusha kiwango cha kuchemka cha heksani kutoka nyuzi 69 hadi karibu 62, kwa hiyo mtambo unaoendeshwa kwa namba za kitabu cha pwani hutoa mvuke mwingi zaidi kwenye bomba la kupumulia la kondensa, chombo kinachopoza mvuke urudi kuwa kimiminika. Wapo wanaohangaika na flanji (sahani za kuungia mabomba kwa bolti) wiki nzima wakati hasara kubwa inatoka juu ya paa.

Ukungu una ujanja wake. Unyevu hewani unapunguza usomaji. Unyevu ukigeuka matone kwenye seli, kile kijichumba cha kupimia, ikiwa na vumbi, hufanya kinyume: namba inapanda taratibu bila kusimama, na mtu anaanza kukimbiza uvujaji usiokuwepo. Kifaa kilicholala kwenye ofisi baridi usikiingize moja kwa moja kwenye chumba cha mvuke wa moto. Kitatoa jasho ndani kama miwani. Kiache kimewaka mlangoni dakika kumi na tano. Taa isafishwe kwa methanoli na pamba safi, wala usiguse kioo chake kwa kidole, mafuta ya ngozi yanaziba mwanga. Mpira wa kuvutia hewa uwe wa tefloni. Mpira wa kawaida unanyonya heksani na kuitema baadaye, kwa hiyo kiungo kizima kinachofuata kinaonekana kibovu.

Mita ya mlipuko, ile inayolia, isichukuliwe kama mlinzi wa afya. Heksani inaweza kuwaka ikifika asilimia 1.1 ya hewa, yaani ppm 11,000. Mita nyingi huwekwa zilie kwenye sehemu ya kumi ya kiwango hicho, ambayo ni 1,100. Kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa afya kazini kwa zamu ya saa nane ni 50, kwa sababu heksani inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu na mikono pole pole. Mtu anaweza kufanya kazi miaka kwenye hewa ya 600 bila mita kulia hata mara moja, kisha akaanza kulalamika ganzi za vidole na watu wakamwambia ni baridi ya Mafinga.

Sasa kutembea kwenyewe. Msingi mzuri ni Njia ya 21 ya kupima uvujaji, ya wakala wa mazingira wa Marekani, EPA. Anza kwa kupima hewa ya jumla, mita moja au mbili kutoka kwenye mtambo, upande unaotoka upepo na ule unakokwenda. Namba hiyo utaitoa kwenye kila kipimo. Chukua valvu. Ncha ya mpira iweke pale shina linapoingia kwenye glendi (kipande kinachobana pakingi), ikiwa imegusa kabisa, halafu izungushe taratibu kulizunguka shina. Usiende haraka: kama kifaa chako kinachukua sekunde 5 kuitikia, mwendo wa mkono ufuate hilo. Namba ikianza kupanda, rudi nyuma, tafuta kilele, na ukae hapo mara mbili ya muda wa kuitikia, yaani sekunde 10. Kisha shuka kwenye kiungo cha boneti (kifuniko cha valvu) na mwili, halafu flanji mbili za pembeni. Kwenye pampu inayozunguka usiguse ekseli. Sentimita moja inatosha, na mikono ya ovaroli iwe imefungwa. Kifaa kiwe cha aina inayoruhusiwa kwenye eneo la mlipuko, na simu ibaki ofisini.

Ngapi ni uvujaji? Kanuni za zamani za Marekani zilitumia ppm 10,000, mpya nyingi zimeshuka mpaka 500 kwa valvu na 2,000 kwa pampu. Kiwanda kinachoanza kishike 10,000 kwa mzunguko wa kwanza, la sivyo kitafunga kadi ya kiungo kibovu kila kona na mafundi watakata tamaa. Mzunguko wa pili shuka.

Povu la sabuni bado lina heshima yake kwa viungo visivyozunguka. Linashindwa kwenye bomba la moto ambapo maji yanakauka, na kwenye upande wa mtambo unaovuta hewa ndani, maana hapo povu linanyonywa badala ya kuvimba. Kamera za kuona gesi zipo, ghali, na zinataka gesi na ukuta wa nyuma viwe na joto tofauti. Asubuhi ya kipupwe kila kitu kikiwa na baridi moja hazioni vizuri.

Kabla ya kushika spana, ziba ncha za mabomba zilizo wazi. Valvu ya kuchukulia sampuli isiyo na plagi ni ya kwanza kuvuja na ya bei ndogo kuliko zote kutibu. Glendi ikazwe robo mzunguko kwenye nati ya upande huu, robo kwenye nati ya upande wa pili, upime. Ukikaza kwa hasira pakingi inakauka, shina linachimbika, na kesho inavuja zaidi ya jana. Valvu ya usalama haikazwi kamwe. Ikivuja inashushwa na kutengenezwa mezani.

Gasketi ndiyo ugonjwa wetu. Kipande cha tyubu ya tairi kilichokatwa kwa mkasi kinakaa vizuri siku ya kwanza. Heksani inakiingia, kinavimba, bolti zinalegea, na ukifungua baada ya mwezi unakuta kimekuwa kama ute. Kwa heksani tumia mpira wa nitraili au wa vaitoni. Kwa tolueni nitraili inavimba, vaitoni inafaa. Kwa asetoni vaitoni yenyewe inaoza, hapo ni tefloni. Gasketi iliyokwisha kubanwa hairudishwi hata kama inaonekana nzima, na bolti za flanji hukazwa kwa kuvuka, moja kisha ile inayoikabili, si kwa kuzunguka.

Pampu inayodondosha mililita 10 kwa saa inaonekana haina neno, lakini kwa mwaka ni karibu lita 88. Hesabu hiyo mpe meneja, inamwingia haraka kuliko ppm.

Kila kiungo kibovu kipate kadi ya bati kwa waya, si kamba: namba, tarehe, kipimo. Jaribio la kwanza la kutengeneza liwe ndani ya siku 5, kazi iishe ndani ya 15. Kadi isitoke siku ya matengenezo. Pakingi mpya inajipanga siku mbili tatu na kulegea kidogo, kwa hiyo rudi siku ya tatu, mchana, kaza robo, pima tena, ndipo ukate waya.