Mvua ya bati imefunika sauti ya bibi: niisafishe vipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Moshi. Mwezi wa nne nilipanda Kibosho kumrekodi bibi yangu akisimulia mambo ya zamani, jinsi kihamba, shamba la ukoo, kilivyogawanywa na jinsi babu alivyokuwa akibeba kahawa kuipeleka chama cha ushirika. Nilirekodi kwa simu, nikaiweka mezani. Friji inavuma nyuma, dakika ya 22 mvua ikaanza kupiga bati, na jogoo naye hakunyamaza. Nimeisafisha kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikapandisha kipimo cha kupunguza hadi 30 ili kelele ziishe kabisa. Kweli zimeisha, ila sasa bibi anasikika kama anaongea kutoka ndani ya pipa la maji. Nimekosea wapi? Na hizi programu za akili mnemba hazitanirahisishia?

JIBU: Marahaba. Kabla ya yote, faili la mwanzo bado unalo? Kama lipo kwenye simu, linakili sehemu mbili, kisha ufanye kazi kwenye nakala tu. Ulilolisafisha hadi 30 liache, halirudi tena.

Kosa lako nalijua kwa sababu nililifanya mimi. Miaka ya mwanzo hapa Arusha niliisafisha rekodi ya kwaya iliyokuwa na mvumo wa feni, nikakaza kila kitu. Feni ikaondoka, na kayamba ikaondoka nayo. Mwalimu wa kwaya aliniuliza kayamba yake nimeipeleka wapi, sikuwa na jibu. Baadaye ndipo nilipoelewa: kwa programu, mchakacho wa kayamba na mchakacho wa feni ni ndugu.

Programu haijui bibi ni nani wala friji ni nini. Unapochagua kipande cha kelele tupu na kubonyeza "Get Noise Profile", inaipasua sauti katika vijinjia vingi, kutoka mvumo wa chini hadi miluzi ya juu, na kupima kelele ina nguvu kiasi gani katika kila kimoja. Ukiipa rekodi nzima, kila kijinjia kisichozidi kipimo hicho kinashushwa. Sasa, sauti ya mzee hupanda na kushuka. Mwisho wa sentensi inakuwa pumzi tu. Pumzi hiyo ikiwa chini ya kipimo, inakatwa pamoja na kelele. Vinavyobaki ni vipande vinavyowaka na kuzimika, na hiyo ndiyo sauti ya pipa unayoisikia. Desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) ni kukata mpaka kwenye mfupa. Mimi huanza na 6, nikizidisha sana ni 12.

Kwako usiisafishe rekodi nzima kwa mkupuo mmoja. Una kelele za aina tatu, na hazina dawa moja.

Friji ndiyo rahisi. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wake hukaa kwenye 50, 100, 150 na kuendelea. Badilisha mwonekano kuwa spektrogramu, picha inayoonyesha sauti za chini hadi za juu, utaiona kama mistari iliyolala chini kabisa, imenyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti ya mwanamke mara nyingi huanzia kama hezi 165, kwa hiyo kichujio cha "High-Pass Filter" kwenye 80 kitapunguza sehemu ya chini bila kumgusa bibi. Mstari wa 100 ukibaki, utoboe peke yake kwa "Notch Filter". Hapo ndipo uchukue kipimo cha kelele, baada ya vichujio, maana ukikichukua kabla kitakuwa kinaeleza kelele ambayo haipo tena. Tafuta sekunde moja au mbili ambazo bibi amenyamaza kweli, hata kuvuta pumzi havuti. Nashuku ulichagua mahali alipokuwa akipumua kujiandaa kusema. Ukifanya hivyo unaiambia programu kwamba bibi mwenyewe ni kelele.

Mvua ni habari nyingine. Matone juu ya bati hayakai njia moja, yamejaa kote, hadi kule juu zinakoishi "s", "sh" na "f". Ukiifuta mvua, unazifuta herufi hizo, na masimulizi yasiyo na herufi hayana maana kwa mtu. Kwa hiyo kata rekodi pale dakika ya 22, sehemu ya mvua uishughulikie peke yake na kipimo chake yenyewe. Mvua ikizidi au ikipungua njiani, kata tena, chukua kipimo kipya. Ishushe kwa 6, uishie hapo. Msikilizaji wa Kilimanjaro anajua mvua ya bati, baada ya dakika mbili hataisikia tena ilimradi maneno yanashikika.

Kuna kitufe cha "Residue" ambacho watu wengi hukiruka. Ukikiwasha, programu inakupigia kile inachokiondoa badala ya kinachobaki. Vaa hedifoni, sikiliza. Ukisikia friji au mvua peke yake, uko salama. Ukisikia neno hata moja la bibi mle ndani, punguza. Mimi siamini kipimo chochote kabla ya kusikiliza takataka zake.

Jogoo hana kipimo, kwa kuwa huja na kuondoka. Akiwika bibi amenyamaza, unaweza kumkata na kubandika hapo kipande cha utulivu wa chumba kilekile. Usiweke kimya kitupu, sikio hushtuka. Akiwika juu ya maneno, mwache. Kwa kweli mimi ningemwacha kote, ni mwenyeji pale kihambani.

Kuongeza sauti iwe kubwa ni hatua ya mwisho, baada ya kusafisha. Ukitangulia, utaikuza na mvua.

Akili mnemba zipo za aina mbalimbali. Programu ya kupunguza kelele ya RNNoise, iliyotengenezwa na Jean-Marc Valin, kwa mfano, inapima tu kila sehemu ya sauti ipitishwe kiasi gani, haitungi kitu. Nyingine hujenga sauti upya, na hizo ndizo ninazoziogopa kwa kazi kama yako: bibi akichanganya Kichagga, chombo kilichofunzwa kwa lugha nyingine kinaweza kumpa matamshi ambayo hakuyatamka. Kwa tangazo la duka sawa. Kwa kumbukumbu ya ukoo, hapana.

Ukirudi Kibosho, usiende masika. Zima friji, na ufunguo wa nyumba uutie humo ndani ili usiondoke bila kuiwasha tena. Simu isogeze karibu: ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yake hupanda kama desibeli 6 na kelele za chumba zinabaki palepale, yaani umepata bure kile unachokitafuta kwenye programu. Rekodi sekunde kumi za kimya kabla hajaanza.

Dakika ya 22 ikikushinda, nikatie sekunde thelathini za rekodi ya mwanzo unitumie kama dokumenti. Usiipige ukairekodi upya kama sauti ya WhatsApp. Itafika imebanwa, na humo sitapata cha kuokoa.