Muulize Anti: Picha ya matunda na maua kutoka Barcelona

Swali: Shikamoo anti. Mimi ni Mtanga, naishi huku Barcelona na mume wangu. Tulipita Encants, lile soko la mitumba pale Glòries, nikaona picha ya rangi za mafuta, sahani ina zabibu na mapichi na komamanga limepasuliwa, pembeni jagi la bluu lina mawaridi mekundu na meupe. Nikaipenda nikatoa euro 45. Sasa mume wangu anasema nimeuziwa kopi ya dukani, na hata kama si kopi basi huyo mchoraji hajui kuchora, maana meza imeinama utadhani vitu vinamwagika. Saini ni J. halafu jina la ukoo halisomeki, na nyuma kwenye mbao kuna muhuri wa 12F. Ni ya mwaka 1912? Ina hela? Na imekuwa ya njano njano, mama aliwahi kuniambia kitunguu kinatoa uchafu kwenye picha, nijaribu? (Mama Nasra, Barcelona)

Jibu: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote hicho kitunguu kirudishe jikoni. Na kiazi, na limau, na mkate, na kitambaa chenye maji, vyote hivyo watu wanavisifia na vyote vinaharibu, maana maji yanapenya kwenye nyufa ndogo ndogo usizoziona halafu rangi inaanza kubanduka magamba magamba, na utomvu wa kitunguu unabaki pale unanasa vumbi na kuita wadudu. Chukua brashi laini kavu kabisa, ile ya kupaka poda inafaa kama haijawahi kutumika, pangusa vumbi taratibu kutoka juu kwenda chini, basi. Hiyo njano mara nyingi ni vanishi iliyozeeka, au ni moshi wa sigara wa miaka mingi ya sebule ya watu, na kuiondoa ni kazi ya fundi aliyesomea kukarabati picha.

Haya, tuje kwa baba Nasra. Kujua kama ni kopi ya mashine chukua kioo cha kukuzia, au simu yako uizumu, angalia sehemu yenye rangi laini kama shavu la pichi. Ukiona vidoti vidoti vya rangi vimejipanga basi ni chapa, pole. Halafu isogeze dirishani mwanga uipige kwa ubavu, utaona vituta vya rangi, na hapo usifurahi haraka, kuna chapa zinapakwa jeli juu ili zionekane zina brashi. Cha kutazama ni kama vituta vinafuata vitu vyenyewe, brashi inazunguka na tunda, inapanda na bua la ua. Kwenye zile za jeli michirizi inakatiza tu ovyo, inapita juu ya zabibu na sahani na ukuta bila kujali.

12F si mwaka mwanangu. Ni saizi. Uhispania wanafuata utaratibu uleule wa Ufaransa, namba inataja ukubwa na herufi inataja umbo, F ni ya picha za watu, P ya mandhari, M ya bahari. 12F ni sentimita 61 kwa 50, 12P ni 61 kwa 46, 12M inazidi kuwa nyembamba, 61 kwa 38. Chukua futi upime, ikija 61 kwa 50 ujue mtu aliingia duka la vifaa vya wachoraji akanunua turubai la kawaida kabisa, la kuchorea watu, akalijaza matunda. Wanafanya hivyo siku zote. Angalia pia turubai limeshikwa na nini kwenye mbao, misumari midogo au pini za stepla, maana stepla zilienea baada ya vita vya pili vya dunia, kwa hiyo zikiwepo, na hazijawekwa juu ya matundu ya misumari ya zamani, hiyo picha si ya bibi wa bibi.

Sasa meza. Hapa ndo namtetea mchoraji wako kwa nguvu zote. Kuinamisha meza hivyo wengi walijifunza kwa Cézanne, yule Mfaransa aliyefariki 1906, ambaye sahani anaitazama kutoka juu na jagi analitazama kutoka mbele kwenye picha hiyohiyo, kwa kusudi, ili kila kitu kikae wazi na uzito wake uonekane. Wakatalani wengi, yaani watu wa Catalonia, jimbo lenye Barcelona, walienda Paris wakayaona mambo hayo kwa macho yao. Joaquim Sunyer wa Sitges alienda huko 1896, aliporudi akaonyesha kazi zake Barcelona 1911, watu wengine wakachukia sana, wengine wakasema huyu ndiye mchoraji wetu, Mediterania yenyewe hii. Kuanzia hapo mpaka leo ukiingia galari za Barcelona utakutana na meza zilizoinuka namna hiyo. Kwa hiyo mwambie baba Nasra huyo mtu alijua anachofanya, au angalau alijua anamuiga nani.

Ukitaka kujua kama alijua kweli, chukua pichi moja tu uliangalie vizuri, usiangalie picha nzima. Upande wa kivuli kuna rangi gani? Mchoraji wa haraka haraka anatia kahawia au nyeusi, kamaliza. Aliyefunzwa utakuta katia zambarau, au kijani kilichokoza, na chini kabisa tunda linapogusa sahani kuna ufito mwembamba wa mwanga umerudi kutoka kwenye sahani yenyewe, na bluu ya jagi nayo imedokezwa kidogo kwenye shavu la pichi lililo karibu nalo. Na kwenye waridi jeupe tafuta nyeupe tupu ni kiasi gani, ikiwa ni mguso mmoja au miwili tu na kwingine kote ni kijivu na kremu na waridi hafifu, basi mwenye mkono huo alikuwa na jicho. Mimi ningeanzia hapo kabla hata ya kuhangaika na saini.

Maana saini itakuchosha. J. inaweza kuwa Josep, Joan, Jaume, Jordi, yaani nusu ya wanaume wa Catalonia. Tena enzi za Franco, yule dikteta wa Uhispania, kuanzia 1939 mpaka alipofariki 1975, majina ya Kikatalani yalikuwa hayaandikishwi serikalini, Josep anaandikwa José kwenye karatasi zote na nyumbani anaitwa Josep, kwa hiyo hata ukikuta José usiseme basi huyu si Mkatalani. Na ndo miaka hiyohiyo picha za namna yako zilikuwa zinauzika sana, familia zenye uwezo kidogo zilitaka kitu cha chumba cha kulia, matunda, maua, rangi nzuri, kisilete maswali. Pembeni kulikuwa na vijana wengine kabisa, kina Antoni Tàpies na wenzake wa kikundi cha Dau al Set waliojikusanya 1948, hao matunda hawakuwa na habari nayo, lakini kwa fundi fremu na dalali wa picha aliyelipa kodi ya nyumba ni komamanga.

Na maua yale yana historia yake nzuri ambayo watu hawaisemi. Barcelona ya karne ya 18 ilijaa viwanda vya vitambaa vya pamba vya kupigwa chapa, na mwaka 1775 Bodi ya Biashara ya mji ikafungua shule ya bure ya uchoraji, baadaye ikajulikana kwa jina la Llotja, kusudi kubwa vijana wajue kubuni maua ya vitambaa hivyo. Walisomea ua kama anayebuni kanga anavyosomea pindo, linajirudia vipi, linakaa vipi na jirani yake, rangi ngapi zinatosha. Kutoka hapo wakapatikana mabingwa wa maua na matunda kama Josep Mirabent. Babake Picasso alifundisha shule hiyo kuanzia 1895, Picasso mwenyewe akasoma hapo, Joan Miró, mchoraji mwingine maarufu wa Barcelona, naye akapita. Wanawake waliosukumwa pembeni kwenye masomo ya kuchora miili ya watu nao wakayashika maua wakapata jina, Pepita Teixidor aliyefariki 1914 ana sanamu yake kwenye bustani ya Ciutadella, siku ukimpeleka Nasra kucheza mtafuteni.

Hela? Usitegemee. Picha za aina hii bila jina linalosomeka ziko nyingi mno Barcelona na wenye nyumba za mnada wanazijua zote. Wapo wenye majina kweli, kama Emili Grau Sala (1911 hadi 1975) wa maua na rangi laini laini, au Miquel Villà aliyekuwa anabandika rangi nzito mpaka unataka kuishika, hao ni bei nyingine. Piga picha mbele, nyuma na saini, tuma kwenye nyumba ya mnada, wengi wanaangalia bure, na yeyote atakayekuomba hela kwanza ili akupe "cheti cha thamani" mkimbie. Kwa euro 45, ikiwa ni ya mkono, hujaibiwa, fremu peke yake ingekugharimu zaidi. Ukiamua kuileta Tanga, vitu vilivyozidi miaka 100 Uhispania vinataka kibali cha kutoka, uliza mapema. Ikifika usiitundike ukuta unaopigwa na mvua wala mkabala na jua la mchana, na nyuma ya fremu weka vipande vya kizibo cha chupa kwenye pembe ili hewa ipite, la sivyo ukungu wa pwani utaimaliza.

Swali: Anti samahani, mimi naona huu ni uvivu. Vita vimepita, watu wamekufa njaa, wao wanachora tufaha na chupa. Wana nini cha kusema? (Kip, Eldoret)

Jibu: Kip swali zuri ila umekuja na hasira. Mtafute Miró, mwaka 1937, yuko Paris na nyumbani Uhispania vita vya wenyewe kwa wenyewe vinawaka, hawezi kurudi. Akachora nini? Tufaha lililochomwa uma, kipande cha mkate, chupa, na kiatu kikuukuu. Vitu vinne vya mezani na hakuna mtu hata mmoja, lakini rangi ni kali, njano na kijani cha sumu, na weusi umeingia kila upande, huhitaji kuelezwa kuna nini nje ya dirisha. Iko New York sasa, kwenye jumba la sanaa za kisasa la MoMA. Isidre Nonell naye, aliyejulikana kwa kuchora wanawake maskini wa Kigitano, yaani Waroma wa Uhispania, mpaka wanunuzi wakamkwepa, mwishoni mwishoni, 1910, akageukia samaki na vitunguu, na hakubadilisha mkono wake hata kidogo, samaki wale wamelala kwenye picha kwa uzito uleule wa wale wanawake, mwaka uliofuata akafariki. Na Dalí, na vituko vyake vyote vya saa zinazoyeyuka, 1945 alikaa akachora kikapu chenye kipande cha mkate ukingoni mwa meza na giza nyuma yake. Kiko Figueres, mji wa huko huko Catalonia. Kakiangalie halafu uniandikie tena kuhusu uvivu.

Swali: Asalaam alaykum anti, kwetu hatutundiki picha za watu wala wanyama, hii ya maua na matunda si itafaa sebuleni? (Bi Mwana, Unguja)

Jibu: Waalaykum salaam bibi. Hukumu yake muulize sheikh wako, mimi wa rangi tu. Ila kabla ya kununua ichunguze vizuri, wachoraji wa Ulaya wana tabia ya kuficha nzi juu ya zabibu au kipepeo kwenye ua, na sahani za huko mara nyingine zenyewe zina ndege kachorwa katikati, utamgundua ishatundikwa.

Swali: Nasoma chuo Morogoro, nataka kujaribu kuchora hivyo kwa rangi za mafuta, nianzeje? (Frenki)

Jibu: Vitu vitatu tu Frenki, na kimoja kisiwe cha duara. Taa moja, upande mmoja, funga dirisha lingine. Matabaka ya kwanza changanya rangi na tapentaini iwe nyepesi, ya juu ndo uongeze mafuta ya kitani, ukigeuza utaratibu huo ya juu inakauka kabla ya chini na picha inapasuka. Papai lililokatwa litaoza kabla hujamaliza, kwa hiyo anza na lenyewe, jagi litakusubiri. Vanishi usiiguse mpaka miezi 6 angalau ipite, na ulipopaka rangi nzito subiri mwaka. Na matambara uliyofutia mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo chumbani, yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka moto bila kiberiti, watu wameunguza nyumba hivyo, yaloweshe maji uyatandaze nje yakauke ndo uyatupe.