Maswali ya Wasomaji: Shafti ya PTO kwenye trekta la zamani

SWALI: Wataalamu, salaam. Nina Massey Ferguson 135 ninayofyekea majani kwenye mikorosho. Tangu mwaka jana nimebadilisha sili ya nyuma ya PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine) mara tatu na bado inavuja. Juzi mashine ya kufyekea imegonga kisiki, sasa meno ya shafti yamejipinda kama kamba na propela (fimbo inayounganisha shafti na mashine) haitoki ila kwa nyundo. Fundi anasema anaweza kuyanyoosha, au kukata kipande na kuchomelea kingine. Nataka shamba liwe safi kabla korosho hazijaanza kudondoka. Nifanyeje?
— Msomaji, Nachingwea

JIBU: Ndugu yetu, usinyooshe na usichomelee. Meno yakishajipinda, chuma kimeshachoka hadi ndani, na kitakatika siku yoyote mzigo ukizidi. Moto wa kuchomelea nao unaondoa ugumu aliouweka mtengenezaji, na shafti haibaki imenyooka. Nunua mpya. MF 135 ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa, kwa sababu shafti inatoka kwa nyuma bila kupasua trekta katikati.

Lakini sili tatu ndani ya mwaka zinasema jambo kubwa kuliko kisiki. Kuna kitu kinaisukuma au kuitikisa hiyo shafti kila siku. Usipokipata, hata shafti mpya itakufa. Tutakirudia baada ya kazi yenyewe.

Kwanza spea. Utahitaji shafti, beringi ya nyuma, sili, gasketi ya kifuniko (au oringi, yaani pete ya mpira, kutegemea kifuniko chako), na klipu mpya za duara. Usinunue shafti kwa kutaja jina la trekta peke yake, maana matrekta haya yametengenezwa tangu 1964 na mengi yamekwishachanganywa spea. Toa ya zamani kwanza, uende nayo dukani. Linganisha urefu wote, idadi ya meno ya mbele, kipenyo cha pale beringi inapokaa, na umbali wa mfereji wa klipu. Upande wa nje uwe na meno 6 na kipenyo cha inchi 1 na 3/8, yaani milimita 35. Kisha omba tupa ndogo, uipitishe kwa upole kwenye ncha ya jino. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimepikwa sawasawa. Ikila na kutoa unga, iache hapo hapo, hata bei ikikuvutia. Shafti zinazochongwa mitaani kwa chuma laini nazo ni hivyo hivyo: zinaingia vizuri, zinapendeza, na zinajipinda msimu huo huo.

Siku ya kazi, egesha trekta kwenye mteremko mdogo pua ikielekea chini, weka magogo mbele ya magurudumu, zima injini, weka mkono wa PTO katikati. Oili ya gia boksi na ya haidroliki kwenye trekta hili ni moja, lita 30 hivi, na shafti inakaa chini ya usawa wake. Mteremko utakupunguzia hasara, lakini usitegemee mteremko peke yake: mwaga oili kwenye ndoo safi zenye vifuniko. Vizibo vya chini viko zaidi ya kimoja. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia; usiirudishe. Ukinunua mpya, sema unataka oili ya gia na haidroliki kwa pamoja. Oili nzito ya gia, ile ya 90, inaipa pampu kazi ngumu na mikono ya kunyanyulia inakuwa mizito.

Safisha nyuma yote kwa brashi na dizeli kabla ya kufungua chochote. Mchanga wetu mwekundu ukiingia humo ndani unasaga beringi na pampu. Fungua boliti za kifuniko kinachozunguka shafti, gonga kifuniko kidogo kwa nyundo ya mbao ili gasketi iachie, kisha vuta shafti moja kwa moja kuelekea kwako. Inatoka pamoja na beringi yake.

Hapo simama uitazame ncha ya mbele. Meno yote yapo? Kama kuna kipande kimebaki ndani, au jino limemeguka, usifunge. Fungua kifuniko cha ubavuni, tafuta kwa sumaku iliyofungwa kwenye waya, na usafishe chujio la pampu. Kipande cha jino kikivutwa na pampu, gharama itakayofuata utaisahau hii ya shafti.

Beringi mpya usiipige kwa nyundo kwenye ringi ya nje. Ukipiga hapo, nguvu yote inapita kwenye gololi na kuzitia vidonda. Beringi itaimba baada ya wiki chache. Tumia bomba linalokaa juu ya ringi ya ndani tu, au ipashe moto ndani ya sufuria ya oili hadi nyuzi 100 hivi, ikiwa imening'inia kwa waya isiguse chini. Ikipata moto huo inateleza na kukaa yenyewe. Moto wa gesi moja kwa moja unaiharibu.

Sili ndiyo inayowashinda wengi. Upande wenye springi ndogo uelekee ndani kwenye oili. Kabla ya kuipitisha, zungushia meno ya shafti plastiki laini au selotepu, paka grisi, ndipo uteleze sili juu yake. Meno sita yana kingo kali, na mkwaruzo mdogo tu kwenye mdomo wa sili unatosha kuvujisha. Pitisha pia ukucha pale mdomo wa sili unapogusa shafti. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, hakuna sili itakayozuia oili hapo. Huenda hiyo ndiyo habari ya sili zako mbili za mwisho.

Kurudisha: sukuma shafti ndani huku ukiizungusha polepole kwa mkono hadi meno ya mbele yakutane na wenzake. Utasikia inazama sentimita mbili tatu za mwisho kwa ulaini. Ikigoma, rudi nyuma kidogo, zungusha, jaribu tena. Kamwe usiivute kwa kukaza boliti za kifuniko, maana kifuniko ni chuma cha kumimina, kinapasuka. Kaza boliti kwa mshazari, jaza oili hadi alama ya kijiti, washa injini, zungusha PTO dakika tano bila mzigo, pima oili tena.

Sasa tumtafute mwuaji. Dalili zako zinaonyesha propela ndefu mno. Mashine ikipanda na kushuka, bomba la ndani linagota mwisho, na nguvu yote inaisukuma shafti ya trekta kwa mbele. Beringi inalegea, shafti inatikisika, sili inakufa. Funga mashine, inyanyue na kuishusha pole pole injini ikiwa imezimwa, utafute pale propela inapokuwa fupi kuliko kote. Hapo ibaki nafasi ya milimita 25 angalau kabla ya kugota. Inapokuwa ndefu kuliko kote, mabomba yawe bado yamepishana angalau theluthi moja. Ukikata, kata urefu ule ule kwenye bomba la nje na la ndani, na kava zake zinazoifunika propela pia, kisha piga tupa na upake grisi.

Na ile pini inayotakiwa kukatika mashine ikigonga kisiki, tunaomba uiangalie leo. Wengi wameweka kipande cha nondo. Pini laini ikikatika unapoteza dakika kumi. Nondo haikatiki, kinachokatika ni shafti. Weka boliti ya ukubwa na ugumu ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine, na ubebe akiba tano shambani.

SWALI: Nimebadilisha shafti kwenye 135, kazi imeenda vizuri. Ila sasa PTO inazunguka trekta likitembea tu. Likisimama, hata nikiongeza mafuta, haizunguki. Nimekosea wapi?
— Msomaji, Ruangwa

JIBU: Hujavunja kitu. Mkono wa PTO una nafasi tatu: kufuata injini, huru, na kufuata magurudumu. Wako uko kwenye magurudumu. Kanyaga klachi hadi mwisho, subiri kila kitu kisimame, urudishe mkono upande wa pili kupita katikati. Usifanye kazi ya kupukuchua au kufyeka kwenye nafasi hiyo ya magurudumu. Ukirudi nyuma shafti inazunguka kinyume. Kwa klachi ya hatua mbili, kukanyaga nusu kunasimamisha trekta, kukanyaga hadi chini kunasimamisha na PTO.

SWALI: Babu ametuachia Ferguson TE20 ya kijivu, inawaka. Propela ya mashine yetu ya kufyekea ni kubwa kuliko shafti. Tubadilishe shafti?
— Msomaji, Mikindani

JIBU: Si lazima. TE20, zilizotengenezwa 1946 hadi 1956, zilitoka na shafti ya inchi 1 na 1/8. Kuna adapta ya kuifikisha 1 na 3/8. Chagueni adapta yenye klachi ya njia moja, yaani inayoacha visu vizunguke bila kurudisha nguvu kwenye trekta. Kwenye trekta hili klachi ni moja tu; ukiikanyaga, visu vizito vinaendelea kuzunguka na kulisukuma trekta mbele wakati unataka lisimame. Watu wamegonga miti na kuingia mitaroni kwa sababu hiyo. Adapta inaongeza urefu, kwa hiyo pimeni propela upya. Na kwa kuwa pampu ya haidroliki inaendeshwa na shafti hiyo hiyo, PTO ikizimwa mashine hainyanyuki. Msidhani pampu imekufa.

SWALI: Wanawake wanaotusaidia kupukuchua mahindi wanapita karibu na propela. Kava limevunjika. Kuna hatari kiasi gani?
— Msomaji, Masasi

JIBU: Simamisheni kazi hadi kava lipatikane. PTO inazunguka mara 540 kwa dakika, ndiyo mara 9 kwa sekunde. Msalaba wa propela, yaani kiungo chake kinachopinda, wenye upana wa sentimita 10 unavuta karibu mita 2.8 za nguo kila sekunde. Kanga ya mita moja na nusu inaisha kwa nusu sekunde, na aliyeivaa anafuata. Hakuna mkono unaowahi kuzima. Msuli, mtandio na shati lililofunguliwa vifungo ni vivyo hivyo. Mahindi yapakiwe kutoka upande mwingine, na asiwepo mtu wa kuruka propela hata ikizunguka taratibu. Kava jipya lifungwe mnyororo wake lisizunguke pamoja na shafti. Kila asubuhi, injini ikiwa imezimwa, lizungusheni kwa mkono: likiwa zima linazunguka peke yake juu ya shafti. Likishikana nayo, bushi zake zimekwisha.