Ini la Sultani

Juzi dada mmoja wa Likoni kaniandikia: "Kaka, mbuzi wangu wamejaa kupe, niwapulizie dawa mara ngapi kwa wiki?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Miaka mitatu nyuma ningemjibu bila kupepesa jicho: puliza tu, dawa ya kupe haiui mbuzi.

Mjue kwanza kwamba mimi si mfugaji wa kubahatisha. Nilianza na mbuzi wawili uani kwetu Mshomoroni nikafika 17, na majirani walionicheka ndio waliokuja kununua. Fahari yangu ilikuwa beberu mmoja, Sultani. Nilimlea kwa majani ya kabichi na maganda ya ndizi kutoka soko la Kongowea, mkokoteni mzima. Kila Jumamosi, bomba mgongoni. Lebo ilitoa kipimo. Mimi nilitia mara mbili, na kifuniko kimoja cha baraka juu yake. Kupe hata mmoja huoni. Nilijiona daktari.

Ikaja Iddi ya kuchinja. Kwetu maini ndiyo hutangulia, kwa ndimu na pilipili, nyama ingali inakatwa. Mchinjaji akaliweka ini la Sultani kwenye sinia, akalibonyeza kwa kidole gumba, na kidole kikazama kama kwenye muhogo uliopitiliza kuiva. Rangi yake ilikuwa ya udongo. Figo moja imesinyaa. "Mwanangu, huyu ulikuwa ukimlisha nini?" Mbele ya shemeji zangu wote! Nyama tuliifukia, na maneno yale mpaka leo yananichoma.

Daktari wa mifugo aliniambia ini kama lile laweza kuletwa na mengi, minyoo ya ini ikiwemo, na bila maabara hawezi kuapa. Lakini nilipomtajia kipimo changu cha dawa, alishika kichwa.

Dawa yangu ilikuwa ya jamii ya oganofosfati. Humuua kupe kwa kukizuia kimeng'enya, yaani protini ya mwilini, kinachozima ujumbe wa neva, na mbuzi naye anacho kimeng'enya hicho hicho. Akipata nyingi kwa mpigo utaona: mate yanamtoka, anaharisha, anatetemeka. Ikiingia kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, huoni kitu. Ini ndilo lenye kazi ya kuivunja sumu, na dawa nyingine ni hasidi kwelikweli: klopirifosi, ambayo wakulima huipulizia mimea, ini lenyewe huigeuza kwanza kuwa sumu kali zaidi. Panya wa maabara waliopewa dawa za namna hii kwa muda mrefu walionekana na seli za ini zilizoharibika, mirija ya figo iliyoumia, na mbegu za kiume pungufu.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwaka wake wa mwisho, majike aliowapanda Sultani walikuwa wakirudi kwenye joto, mimba haishiki. Nikawauza majike wawili, eti tasa.

Basi dada yangu, soma lebo. Mkague mbuzi kwanza masikioni na chini ya mkia. Kama hana kupe, unampulizia nini? Pima kwa kipimo, si kwa kifuniko. Majani ya sokoni yaoshe, nayo huenda yamepuliziwa dawa shambani. Siku za kusubiri kabla ya kuchinja au kukamua zimeandikwa, zihesabu. Na wewe mwenyewe vaa glavu, usiwe kama mimi niliyepuliza kifua wazi na kikoi kiunoni, ati joto. Una ini na wewe! Watu tunamwogopa Mungu msikitini, kisha tunamtilia sumu kiumbe chake asiyeweza kusema. Soma lebo, nakwambia tena.

Sasa ninao sita tu. Iddi iliyopita mchinjaji alilinyanyua ini la beberu mpya, jekundu, gumu, linang'aa. Akalibonyeza, akanitazama, hakusema neno. Nikamwita shemeji mkubwa aje alibonyeze na yeye.