Maji hayaondoi joto chumbani

Umeuliza kama kupoza kadi ya michoro ya kompyuta (ile inayochora picha za gemu) kwa maji kutafanya chumba kisiwe tanuri. Hapana, ndugu. Maji yanahamisha tu joto kutoka kwenye chipu hadi kwenye rejeta, halafu feni inakupulizia wewe. Chukua Radeon R9 295X2 ya 2014, ambayo ilikuja na maji yake kabisa: kadi moja, chipu mbili, wati 500. Ukifunga mbili, kadi peke yake zinakula wati 1,000. Weka prosesa na umeme unaopotea kwenye pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), unaovutwa kwenye soketi ya ukutani unakaribia wati 1,400 gemu likikolea, na karibu zote zinaishia kuwa joto. Tena gemu nyingi za sasa haziigusi kadi ya pili.